Sifa za Bwana Walter

Mgeni aliagiza chai mbili kabla Mogire hajaketi vizuri, akamsukumia kikombe kimoja. Mogire alikitazama, hakukigusa. Josiah naye alianza kwa kununuliwa chai.

Josiah alikuwa akichomelea vyuma katika karakana ya Bwana Walter mjini Kisii, ile aliyoinunua kwa Mhindi aliyehama mwaka wa sabini. Mwezi uliopita mtu asiyemjua alimnunulia chai na mandazi, akamsikiliza kwa huruma akimlalamikia mwajiri wake. Asubuhi iliyofuata Josiah alifukuzwa langoni. Yule mtu alikuwa shemeji yake Walter.

Na sasa huyu mgeni mwingine hapa, Jumapili mchana, katika hoteli ndogo ya Mosocho, koti limepigwa pasi na viatu vinang'aa. Alisema anaitwa Ishmael, anatoka upande wa Nyamira. Alikuwa ameulizia nyumba kwa nyumba mpaka akampata Mogire, yule fundi wa kukereza vyuma wa kwa Walter.

Mogire alikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mwajiri mwingine kwa siri. Aliuliza Marani, akauliza Magwagwa, na huenda kuna mtu alikuwa amepeleka maneno. Ufundi alikuwa nao. Shafti ya kinu cha mahindi ikivunjika, wenye vinu walizipita karakana nyingine wakaja kwake. Lakini Walter alimfanyisha kazi kila Jumamosi, na Mogire alikuwa Msabato. Wazee wa kanisa walikuwa wamemvumilia mpaka wakachoka. Mwezi huu ukiisha kabla hajaacha kufanya kazi siku ya Sabato, jina lake litaondolewa kanisani. Tangu siku aliyoambiwa hivyo, mkewe Nyanchama hakuimba tena jikoni.

Kuacha kazi kabla ya kupata nyingine hakuweza. Migomba yao haikutosha kulisha nyumba.

"Mashine yenu inapata mwanga kutoka upande gani?" Ishmael aliuliza.

Swali la ajabu. Mogire alijibu kwamba dirisha liko kushoto. Ishmael akataka kujua kama mkanda huteleza, na kama vyuma vya kukatia vinapatikana bila kubembelezana. Walter amemfundisha huyu vizuri, Mogire aliwaza.

"Na wewe unafanya kazi wapi?"

Ishmael alitazama mlangoni kwanza. "Huko huko Nyamira," akasema. "Na nakuomba, ndugu, usimwambie mtu kwamba tumeonana."

Shemeji wa Walter alimwambia Josiah maneno hayo hayo.

Hapo Mogire alikata shauri. Kama masikio ya Walter yako mezani, basi yasikie mazuri. Akavuta kikombe, akanywa, akaanza. Alisema Bwana Walter hamfokei mtu. Mfanyakazi akiugua, Bwana Walter huenda kumwona nyumbani kwake, na haendi mikono mitupu. Kazi ni nyingi sana pale, hata yeye Mogire anatamani apatikane fundi wa pili wa kusaidiana naye. Uongo ulimtoka laini kuliko alivyotarajia.

Ishmael alisogeza kiti karibu. "Na Jumamosi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja. Alikuwa amemwomba Walter Jumamosi mara nyingi, kwa upole na kwa kusihi, na juzi Walter alimwambia kwamba amechoka kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Jumamosi?" Mogire alicheka. "Bwana Walter mwenyewe ndiye hufunga mlango. Anatuambia, nendeni mkaabudu. Hata kuomba ruhusa si lazima."

Ishmael macho yalimlowa kidogo, akageukia dirishani. Mogire alimstaajabia. Huyu alikuwa hodari kuliko yule shemeji.

"Na ukipata pengine, huwezi kuhama?"

"Nihame niende wapi, ndugu? Mimi nitazeekea pale."

Ishmael akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vina alama ndogo ndogo za kuungua. Akalipia chai, akatoka haraka, akashika njia ya kwenda mjini, si ya Nyamira. Mogire aliliona hilo pia. Ni wazi alikuwa akipeleka habari.

Jioni alimweleza Nyanchama jinsi Walter alivyomtega na jinsi alivyouruka mtego. Alimwigiza mgeni mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nyanchama hakucheka. Alisema kwamba yote hayo ni mazuri, lakini Jumamosi bado inakuja.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafika langoni, Mogire alisikia mashine ikinguruma. Ulikuwa mlio safi, wa chuma kilicho katika mkono unaojua. Akaingia karibu akikimbia.

Ishmael alikuwa ameinama juu ya shafti, amevaa ovaroli kuukuu iliyotobolewa na cheche. Alipomwona Mogire, uso wake ulichangamka.

"Bwakire, ndugu yangu," alimwamkia. "Kile kiwanda cha chai cha Nyamira nimekiacha. Mashine yangu kule ilikuwa nzuri, lakini Sabato yangu waliichukua. Nilizunguka kila mahali nikitafuta mwajiri kama huyu wako. Jumamosi tutakwenda kanisani pamoja."

Mogire alifungua kinywa, na Walter akamshika kiwiko, akamtoa nje taratibu mpaka penye lango.

"Mashine ni moja, Mogire," alisema. "Wewe ni fundi, sikatai. Lakini huyu alikuja kwangu jana, tukaongea mpaka tukamaliza kila kitu, na habari ya Jumamosi hakuniuliza hata mara moja."