Chumvi Kooni

Daktari Kiangi alikuwa akimfungulia Bi Sihaba njia ya machozi iliyoziba. Mfupa kati ya jicho na pua ulivunjika kama ganda la yai, tundu likaonekana. Lakini tundu la kuelekea wapi? Picha ya mionzi ilionyesha uvungu wa hewa uliojipenyeza hapo hapo, kabla ya kufika puani. Machozi yakiingia humo yatatuama na kuvunda.

Akaweka sindano ya maji ya chumvi kwenye kona ya jicho. Ganzi ilikuwa ya uso tu. Mgonjwa alikuwa macho. Tundu likiwa limefika puani, maji yatateremka hadi kooni.

“Mama, ukionja chumvi kooni, niambie.”

“Naionja, mwanangu! Mungu akuzidishie.”

Daktari akaitazama sindano. Ilikuwa imejaa vilevile, alikuwa hajaisukuma. Akawafikiria wagonjwa wote waliowahi kumjibu hivyo, kwa adabu hiyohiyo.