Ufunguo wa Gari Asubuhi ya Krismasi

Ufunguo wa gari la mwanangu niliuficha ndani ya sidiria, mahali ambapo siku hizi hakuna mwanaume anayepekua. Asubuhi ile ya Krismasi yeye na binti yake Loveness walitaka kwenda ufukwe wa Raskazone kuogelea, bila hata kupitia kanisani.

"Loveness, umeuona ufunguo?" baba yake akauliza.

Mtoto alikuwa ameniona nikiuficha. Akanitazama. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Yesu hapendi uongo.

Nikamkonyeza.

"Sijauona, Baba," akasema.

"Haya Mama, sala zako zimejibiwa," mwanangu akacheka. "Kanisani ndiko karibu, twendeni kwa miguu."

Njiani nikamnyooshea mjukuu wangu mkono. Akaficha wake nyuma ya gauni.