Pazia Badala ya Mlango

Mlango ulimkataa Mwanahawa tena. Siku hizi milango yote iliwafungukia wenye simu za mfumo wa Kampuni iliyoiunda tu, naye simu yake aliiwekea mfumo mwingine, wa bure, kwa mikono yake mwenyewe. Basi akasimama nje ya nyumba yake na kapu la mboga, akapiga hodi mpaka mumewe, Shomari, akamfungulia.

“Mgeni ameingia,” mlango ukatangaza. “Aondoke kabla ya magharibi.”

“Mama Zuhra, si uukubali tu huo mfumo wao?” Shomari alimsihi. “Ni kubonyeza mara moja.”

“Simu yangu, nyumba yangu, halafu niitwe mgeni? Thubutu!”

Alitua kapu, akachukua bisibisi, akafungua bawaba zote. Mlango ulibembeleza, ukatishia, ukanyamaza walipoulaza uani. Mahali pake akatundika pazia la maua alilotunzwa siku ya harusi yake.

“Na watu wa Kampuni wakija?”

“Wapige hodi, kama binadamu.”

Wakaketi kula. Hata hawajamaliza, pazia likasogezwa taratibu na mkono wa chuma wenye nembo ya Kampuni, na hakuna aliyepiga hodi.

Mwanahawa akasukuma sahani pembeni, akaishika tena bisibisi.