Mmoja Kati ya Hawa Tisa

Kidole cha katibu muhtasi kilisimama juu ya uso wa mhasibu kwenye picha ya zamani.

"Huyu! Mtazame anavyocheka upande mmoja. Mtu mwenye moyo safi hacheki hivyo mbele ya kamera."

Mgeni wake, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi yao, aliinama akaitazama, kisha akarudi kwenye chai yake. Zamani wawili hawa walikuwa chanda na pete, lakini kwa miaka ishirini na sita mgeni hakuwa amekanyaga nyumba hii. Juzi walikutana kwenye foleni ya kliniki ya macho, katibu akambembeleza hadi akakubali kuja. Leo katibu alitaka wamtafute mbaya wao, aliyemchongea mpiga chapa kwa bosi. Akimjua huyo, huenda akampata tena rafiki yake.

Picha ilikuwa na watu tisa mbele ya mlango wa ofisi, bosi ameketi katikati, mikono magotini. Mpiga chapa alikuwa amekumbatia faili kifuani, anaficha maziwa yaliyolowesha blauzi. Siku hizo alikuwa akitoroka saa nne kila asubuhi kwenda kunyonyesha kwa mama mdogo wake, mtaa wa pili. Wiki moja baada ya picha kupigwa, bosi alimsubiri mlangoni na barua ya kumfukuza kazi.

"Au tarishi," katibu alisema. "Yule hakuna neno lililompita. Na karani wa masjala je? Kutwa anachungulia juu ya miwani! Simwamini hata mmoja, mwenzangu. Nimewashuku mpaka nimechoka."

"Na bosi?"

"Bosi, maskini, hakuwa mtu wa kuchimba siri za watu. Mtu wa watu yule! Nikimpelekea barua atie saini, anatia huku ananiuliza habari za kila mmoja. Nani anaumwa, nani kahama, watoto hawajambo. Tunapiga soga mpaka wino unakauka. Asingekugusa bila mtu kumpelekea maneno."

Hasira zilimpanda upya. Akaivuta picha karibu, akavaa miwani yake vizuri.

"Haya, nitajie. Hiyo siri ya mtoto uliwaambia akina nani? Wataje wote. Leo simwachi mtu."

Mpiga chapa aliweka kikombe kando, akamtazama bila chuki.

"Hawa hawakujua, dada," alisema. "Nilikwambia wewe tu."