Risasi za Shaba

Dukani kwa Shebughe, fundi wa bunduki, Namkunda alisukuma kando boksi la vichwa vya madini ya risasi, vya aina aliyokuwa akinunua kwa miaka ishirini. "Nipe vya shaba," alisema.

Wawindaji wawili waliokuwa wakinywa kahawa wakacheka. "Shaba ni ya sufuria, mama," mmoja alisema. "Marehemu mumeo aliangusha swala kwa madini ya risasi maisha yake yote."

"Na sisi tukaila ile nyama maisha yetu yote."

Wiki ile daktari wa mifugo alikuwa amemwonyesha picha ya eksirei ya paja la swala. Chembe za risasi, madini yenye sumu, zilikuwa zimetapakaa ndani ya nyama kama mchanga, na nyama ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akimpikia binti yake mjamzito.

Shebughe alishusha sauti. "Shaba ni nyepesi, dada. Itabidi upime baruti upya na kulenga upya. Msimu unafunguliwa kesho kutwa."

"Basi siku mbili ninazo."

"Na chama cha wawindaji kikikataa uwinde nao kwa risasi hizo?"

"Nitawinda peke yangu."

Akaketi kwenye mashine ya fundi ya kujazia risasi, akapima baruti, akaimimina ndani ya ganda la risasi na kukandamiza kichwa cha shaba juu yake. Hakuna aliyecheka tena. Alipomaliza risasi ya tano alichukua bunduki yake, akaenda uwanja wa shabaha nyuma ya duka, akalala kifudifudi vumbini akingoja upepo utulie. Mlango ukafunguka nyuma yake, na yule mwindaji aliyesema shaba ni ya sufuria akatoka, kikombe mkononi, akasimama kutazama.