Mashine ya Nyumba ya Bravin

Kitendawili! Nina vijana wawili. Mmoja ukimvuta kamba mara moja anaamka, ila ana kiu, na kazi ndefu haiwezi. Mwenzake utamzungusha mpaka jasho likutoke, lakini akishaamka, kazi ya miezi kwake ni mchezo. Ni nani hao?

Umeshindwa? Basi nipe mji, twende Khayega kwa Cleophas, anayekodisha mashine za kuchanganya simiti. Vijana wenyewe ni injini ya petroli na injini ya dizeli, na Zipporah amesimama katikati yao, leso kaifunga kiunoni.

"Chukua dizeli, mama," Cleophas akamwambia. "Unamjengea kijana nyumba, si banda la kuku."

"Hata Bravin mwenyewe alisema dizeli. Alitaka kujenga polepole, mwaka huu sakafu, mwaka ujao ukuta. Nikimharakisha ananiambianga, 'Mama, haraka ya nini?'"

"Si alisema ukweli?"

"Sasa anakuja Ijumaa. Lazima akute nyumba yake."

Cleophas akacheka. "Ijumaa, na leo ni Jumanne! Si alale kwako kwanza? Kwani amekuwa mgeni?"

"Safari hii hapana. Ataingia kwake."

Zipporah akainama, akavuta kamba ya ile ya petroli. Ikanguruma papo hapo, ikatetemeka kama mtoto aliyeogeshwa maji baridi. Akaitazama kitambo.

"Huyu anaamka," akasema polepole, kama anayejisemea. Kisha akaizima. "Nipe hii. Ya siku moja tu."

"Siku moja utajenga nini, mama?"

"Sakafu ya chumba kimoja. Kuta ni za mabati. Na fundi nimemwambia aache mlango mpana."

Vijana wa kupakia wakaifunga mashine kwenye pikapu. Zipporah akapanda mbele, kando ya dereva. Cleophas akaegemea dirisha, utani bado umemjaa mdomoni.

"Chumba kimoja, mlango mpana! Wa nini? Ama Bravin anatuletea bibi mnene?"

Vijana wakaangua kicheko. Zipporah akakaza fundo la leso, akatazama mbele. Dereva akawasha gari. Lilipoanza kusogea, ndipo Zipporah akageuza uso.

"Ni wa wabebaji kupita, Cleophas. Sitaki jeneza la mwanangu ligonge mlango wake mwenyewe."