Upande wa Kulia wa Kichochoro

Katika mtaa wa Machungwani, kinga haigawiwi kwa wote mpaka ithibitishwe mtaani humo humo. Mwaka huu nyumba za kushoto mwa kichochoro zilipewa maji yenye dawa ya kuzuia homa ya matumbo. Za kulia ziliendelea na maji ya kawaida, zikingoja matokeo. Siwema alikaa kulia.

Bwana afya, mzee mpole, alibisha hodi akitabasamu.

"Mama Makame, mwanao ameniduwaza. Wenzake wote wa upande huu wameugua. Yeye damu yake safi kama ya watoto wa ng'ambo ya kichochoro."

Siwema alilitupia jicho bakuli tupu karibu na mlango. Kila asubuhi wifi yake Tunu, wa kushoto, alimvushia bakuli la uji uliopikwa kwa maji ya kwao. "Mlishe, wifi, asije akakonda kama kaka yangu," alimtania, na bakuli la wifi halirudishwi.

"Ni Mungu tu, bwana afya."

"Mungu hana upande, mama. Uji nimeuona. Simlaumu mtu, lakini ulinganisho ukiharibika tunaanza upya, na nyumba zote hizi zitangoja tena."

"Sasa mnataka nini?"

"Tunu ameahidi kuacha. Nasi tutasubiri tu Makame afanane na wenzake."

Akachota maji mtungini mwa Siwema, akamwita mtoto. Siwema alitaka kupiga kelele, lakini majirani walikuwa wamesimama milangoni wakisikiliza, kila mmoja amebeba mgonjwa wake.

Makame akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Asante, babu," akasema.